Picha ya Askari wa Bibi: Tulivyomtambua kwa Nishani na Sare Yake

Kijitabu hiki kilipoanza kuandaliwa, kamati iliomba kila mwanachama alete picha moja ya zamani kutoka nyumbani kwao, ili kurasa zisijae hesabu za hisa na mikopo peke yake. Picha zikaja. Nyingi zilikuwa za harusi, za ubatizo na maulidi, na moja ya mbuzi ambaye mwenzetu alimnunua kwa mkopo wake wa kwanza na hakutaka kabisa aachwe nje ya historia. Bibi yetu, mwanachama mkongwe kuliko wote, alileta picha ya askari.

Tulikuwa tukiijua picha ile kwa muda mrefu. Nyumbani kwake imetundikwa ukutani juu ya kabati la vyombo, na sote tuliowahi kwenda kufanya mkutano pale tumeitazama tukisubiri chai. Ni kijana amesimama kando ya kiti, amevaa kofia ya pama iliyokunjwa ukingo upande mmoja, na kifuani ana nishani sita zimepangwa mstari mmoja. Nyuma ya picha kuna muhuri wa studio ambao umefutika, limebaki neno Nairobi tu, na maneno mawili kwa penseli: Kwa mwanangu.

Bibi alizaliwa mwishoni mwa mwaka 1943. Baba yake alimwona mara moja tu alipokuja likizo, akarudi jeshini, na mwezi Februari 1944 meli yake ikazama baharini akipelekwa vitani. Mama yake Bibi alifariki mwaka 1961, na katika sanduku lake la nguo ndimo ilimokuwa picha hii. Kila binti alipouliza, mama alimjibu, "Huyu ndiye baba yako." Hakuongeza neno. Kwa hiyo Bibi ameishi na sura hiyo miaka yote, na maneno aliyotuletea tuchape chini ya picha yalikuwa haya: Baba yangu, shujaa aliyezama mwaka 1944.

Mwenyekiti wetu akasema, jamani, tusichape tu hivi hivi, tueleze na zile nishani ni za nini, wajukuu wasome. Ombi dogo kabisa. Hatukujua kwamba lingetufanya tukae vikao vitatu vya jioni, na kwamba katika cha pili tungefika mahali ambapo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kufungua mdomo.

Tulimwita mzee mmoja wa mtaa wetu, mstaafu wa jeshi la wananchi, na tukaazima kioo cha kukuzia kutoka kwa fundi saa. Jambo la kwanza mzee alilotufundisha ni kutoanzia kwenye nishani. Anza na nguo, alisema, kwa sababu nguo ndiyo inayokwambia ni jeshi la nani.

Mwenzetu mmoja alikuwa ameshasema kwa sauti kubwa kwamba huyu ni askari wa Mjerumani. Si kosa la ajabu, maana nchi hii vita kuu vyote viwili vimepita juu yake na hadithi zimechanganyika. Lakini askari wa Mjerumani wa mwaka 1914 hadi 1918 alivaa tarbushi yenye kitambaa cha khaki na alama ya tai mbele. Huyu wetu ana kofia ya pama, na begani kwake kwa kioo zinasomeka herufi tatu, K.A.R. Hao ndio King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1902, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Mtu akisema "babu alikuwa Keya" amezitamka tu zile herufi kwa Kiswahili, kama vile Kariakoo ilivyotokana na jina la kikosi cha wapagazi wa vita ya kwanza.

Herufi zile zilitusaidia kwa jambo jingine pia. Picha nyingi za zamani huchapwa kinyume, filamu ikiwekwa upande usio wake, na hapo kulia huwa kushoto na mtu unamsoma vibaya. Herufi zikisomeka sawa, na nishani zikiwa kifua cha kushoto, basi picha imekaa sawasawa. Nishani hukaa kushoto kwa mwenyewe aliyezipata. Jamaa wa marehemu akizivaa siku ya kumbukumbu, huziweka kulia. Wajane wengi wa Uingereza huonekana hivyo katika picha.

Mkononi ana tepe tatu za cheo. Sajini. Kwa Mwafrika wa Keya hicho kilikuwa cheo kikubwa, maana juu yake zilibaki ngazi chache tu, na uofisa ulikuwa wa Wazungu. Chini ya bega kuna alama ya kitambaa ambayo tuliigeuzageuza sana. Mmoja alisema ni ng'ombe, mwingine ni ndege. Mzee aliitazama akacheka: ni kichwa cha kifaru. Hiyo ilikuwa alama ya divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1943, ikafanya mazoezi kisiwa cha Ceylon, ambacho sasa ni Sri Lanka, na mwaka 1944 ikaingia Burma kupigana na Wajapani.

Hapa inafaa tueleze kidogo, kwa sababu shuleni habari hizi tulizipita mbio. Katika vita ya pili Afrika Mashariki na Nyasaland zilitoa askari zaidi ya 250,000. Katika divisheni hiyo ya kifaru Tanganyika ilikuwa na batalioni ya 26 na ya 36 za Keya, pamoja na wenzao wa Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Walishuka bonde la Kabaw wakati wa masika ya kule, njia ikiwa tope la kiunoni na malaria ikiua kama risasi. Mwezi Desemba 1944 wakafika mto Chindwin mahali paitwapo Kalewa, na pale likajengwa daraja la vyuma la Bailey lenye urefu wa zaidi ya mita 350, refu kuliko madaraja yote ya aina hiyo yaliyokuwepo wakati ule. Watoto wetu wanafundishwa mito ya Ulaya, lakini Chindwin hawaujui, na babu zao waliuvuka kwa miguu yao.

Sasa nishani. Wengi wetu tulidhani kila nishani ni pigano moja aliloshinda, kwa hiyo sita ni sita. Sivyo. Nyingi kati ya nishani za vita ile walipewa wote waliotumika mahali fulani kwa muda fulani, mpiganaji na mpishi sawasawa, na hazisemi lolote juu ya ushujaa wa mtu. Ila zina mpangilio ambao hauvunjwi. Ya heshima zaidi hukaa karibu na katikati ya kifua, nyingine hufuata kuelekea kwapani kwa utaratibu uliowekwa. Kwa hiyo hata kama huoni maandishi, nafasi peke yake inakwambia mengi.

Zile tatu za katikati ni nyota zenye ncha sita. Rangi za tepe zake hatukuziona, picha ni ya weusi na weupe, na mzee alituonya tusikisie rangi kwa weusi wake. Kuna filamu za zamani zilizofanya nyekundu itoke nyeusi tii na bluu itoke nyeupe, kwa hiyo ukikisia unajidanganya. Hesabu mistari, alisema, tazama mpana uko wapi na mwembamba uko wapi. Nyota ya kwanza utepe wake una mistari mitatu iliyo sawa kwa upana: hiyo ni Nyota ya 1939 hadi 1945, na mistari ile ni bluu iliyokoza kwa wanamaji, nyekundu kwa jeshi la nchi kavu, na bluu ya mbingu kwa wanahewa. Ya pili ina mstari mpana katikati na miwili myembamba pembeni yake juu ya rangi ya mchanga: Nyota ya Afrika. Ya tatu ina mstari mpana sana katikati, na kila upande sehemu ya giza iliyopasuliwa na mstari mwembamba. Hiyo ndiyo Nyota ya Burma. Nyekundu ya katikati ni majeshi ya Jumuiya ya Madola, na rangi ya machungwa kule pembeni ni jua.

Nyota ya Afrika ilitufurahisha, kwa sababu wengi hudhani ni ya jangwa la Misri na Libya tu. Askari wetu waliipata kwa vita vya Somalia na Uhabeshi dhidi ya Waitaliano, kuanzia Juni 1940 hadi 27 Novemba 1941, siku Gondar ilipoanguka. Kwa hiyo kijana wa picha alikuwa ameshaingia jeshini kabla ya mwaka 1941 kwisha. Huenda aliwaona Waitaliano wakiuacha mji wa Mogadishu mwezi Februari mwaka ule, au alikuwamo katika batalioni ya 6 ya Tanganyika, iliyopigana Colito tarehe 19 Mei 1941, pale sajini Nigel Leakey alipokivamia kifaru cha chuma cha adui kwa miguu na kupata Msalaba wa Victoria baada ya kufa kwake.

Mbili za mwisho ni duara. Moja ni Nishani ya Ulinzi, nyingine ni Nishani ya Vita ya 1939 hadi 1945, ile ambayo nyuma yake kuna simba amesimama juu ya joka la vichwa viwili. Hizi zilitolewa kwa watu wengi mno, hatutakaa hapo.

Ya kwanza kabisa, iliyo karibu na vifungo vya shati, nayo ni duara, lakini haikuning'inia kama zile mbili. Zile zimeshikwa na kipande cha chuma kilichonyooka. Hii kishikio chake kimepindwapindwa kwa nakshi, na utepe wake una mistari myembamba mitano iliyobanana katikati. Mzee aliinama akatazama, akainuka, akavua miwani. "Huyu hakupewa kwa kuhudhuria," alisema. Ni Nishani ya Kijeshi, Military Medal, iliyoanzishwa mwaka 1916 kwa askari wasio maofisa waliofanya tendo la ushujaa mbele ya adui. Nyuma yake kuna maneno ya Kiingereza yenye maana ya ushujaa katika uwanja wa vita. Maofisa walipewa Msalaba wa Kijeshi, askari wa kawaida wakapewa nishani hii, hata kama walisimama kwenye handaki moja siku moja. Ubaguzi huo wa vyeo uliondolewa mwaka 1993.

Akina mama wakapiga vigelegele. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, anatabasamu, anafuta macho kwa upande wa kanga. Tungeishia hapo tungekuwa tumefurahi sote na kijitabu kingeenda kwa mchapaji wiki ile ile.

Ila katibu wetu ana tabia ya kuandika tarehe za kila kitu. Ndiye anayetusumbua kila mkutano kwa kuuliza mkopo ulichukuliwa lini na rejesho la kwanza lilikuwa lini. Alikuwa ameziandika tarehe zote pembeni ya daftari, na katika kikao cha pili akauliza kwa sauti ndogo: hii Nyota ya Burma ilianza kutolewa lini?

Ilianzishwa mwaka 1945. Nishani ya Ulinzi na Nishani ya Vita nazo mwaka 1945, vita vikiwa vinaisha au vimekwisha. Nazo nishani zenyewe, za chuma, za kutundika kifuani, ziligawiwa baadaye zaidi. Wakati wa vita askari alishona utepe tu. Mtu aliyesimama studio Nairobi na nishani sita za chuma kifuani alikuwa hai baada ya vita.

Tulinyamaza. Kuku walikuwa wakiparua nje, tunakumbuka vizuri. Kisha mwingine, akidhani anasaidia, akasema labda zililetwa kwa familia baada ya kifo. Ni kweli, nishani za marehemu zilipelekwa kwa jamaa zake. Lakini marehemu hazivai. Na baba yake Bibi hakuwahi kukanyaga Burma, alizama njiani.

Meli ile iliitwa Khedive Ismail. Iling'oa nanga Kilindini, Mombasa, mwanzoni mwa Februari 1944 pamoja na meli nyingine, ikielekea Colombo. Tarehe 12 mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani iitwayo I-27 iliipiga kwa topido mbili, na meli ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Ndani walikuwamo watu kama 1,500, na waliookolewa hawakufika 250. Kundi kubwa kuliko yote la waliokufa lilikuwa la rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki, ambayo ilipoteza zaidi ya watu 670. Walikuwamo pia wanawake, wengi wao wauguzi, na waliokufa kati yao ni zaidi ya 70. Jambo ambalo lilitukata maini zaidi ni hili: manowari za kusindikiza, katika kuitafuta nyambizi iliyokuwa imejificha chini, zilidondosha mabomu ya majini mahali pale pale manusura walipokuwa wakielea wakiomba msaada. Nyambizi ilizamishwa siku ile ile.

Mjukuu wa Bibi alichukua simu akatafuta jina la babu yake katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Lilikuwamo. Jina, namba, tarehe 12 Februari 1944, na kikosi: mizinga ya Afrika Mashariki. Sasa ukirudi kwenye picha, begani imeandikwa K.A.R. Mtu wa mizinga hakuwa mtu wa Keya. Bega lilikuwa limetuambia tangu jioni ya kwanza, ila hatukulisikia, tulikuwa tumeshughulika na kofia.

Bibi aliuliza, "Kwa hiyo huyu ni nani?"

Hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu. Mweka hazina alisema tuache, tuchape kama alivyoandika mwenyewe, nani ataenda kupima tarehe za nishani? Wako waliomuunga mkono, na kwa hakika walikuwa na hoja. Mama wa miaka zaidi ya 80 unamnyang'anya sura ya baba yake kwa faida ya nani? Tulibishana nje, kwa sauti ya chini. Bibi mwenyewe ndiye aliyetuita ndani. Alisema amekuwa akisalimiana na picha ile kila asubuhi, na kama anasalimiana na mgeni, afadhali amjue jina.

Ndipo alipomkumbuka baba yake mdogo. Marehemu baba alikuwa na mdogo wake mmoja, naye alikwenda jeshini, tena mapema kuliko kaka yake. Huyu alirudi. Bibi alikuwa mtoto wakati huo, analelewa kwa wazazi wa mama yake, na baba mdogo alikuja mara chache kutoka kwenye mashamba ya mkonge alikokuwa nyapara. Alileta sukari, alileta kipande cha kaniki au kanga kwa mama. Anakumbuka kikohozi chake zaidi ya uso wake, na kofia ya jeshi hakumwona nayo hata mara moja. Alifariki mwaka 1952. Aliacha mke na mtoto wa kiume mchanga, ambaye sasa ni mzee na anaishi Korogwe.

Tulimpigia simu. Tulimweleza kwa uangalifu, na yeye akacheka akasema, "Dada hajui? Nishani moja ninayo hapa, nyingine watoto walizichezea zikapotea, na moja mama aliiuza kwa fundi wa fedha wakati wa njaa." Alikuja Jumamosi iliyofuata kwa basi la asubuhi. Alimwamkia dada yake kwa heshima zote, akanywa maji, kisha akatoa kitambaa chenye mafundo matatu na kukifungua juu ya meza yetu ya kuhesabia hisa.

Ilikuwa ile ile yenye kishikio cha nakshi. Upande mmoja kichwa cha mfalme George wa Sita, upande mwingine yale maneno ya ushujaa. Hapa ndipo mzee mstaafu alipotufundisha somo la mwisho. Zile nyota na zile duara mbili Waingereza walizigawa tupu, bila jina, kwa hiyo ukizikuta peke yake hazikwambii ni za nani. Lakini nishani ya ushujaa huchongwa jina kwenye ukingo wake mwembamba, pale ambapo sarafu huwa na mikato. Tulizungusha polepole chini ya kioo cha fundi saa. Namba ya askari. Cheo. Jina. Na mwisho herufi tatu zile zile za begani.

Jina lilikuwa la baba mdogo. Hilo liliondoa na shaka nyingine tuliyokuwa nayo, maana zamani watu waliweza kuazima koti na hata nishani za mwenzao ili kupigia picha. Nishani ilikuwa yake, na kijana wa kwenye picha, kwa mwanawe aliyekuwa amekaa mbele yetu na paji la uso lile lile, hakuwa mwingine.

Kwa muda Bibi hakusema kitu. Aliishika nishani, akaipima uzito kiganjani kama tunavyopima sarafu. Kisha akasema, na tunayaandika maneno yake kama alivyoyatamka: "Mama hakunidanganya. Alisema huyu ndiye baba yako. Baba mdogo si baba?"

Na yale maneno ya penseli, Kwa mwanangu, hakuna mtu kwetu angeyaandika vinginevyo kwa mtoto wa kaka yake aliyekufa. Sisi tuliosoma shule ndio tuliofikiri lazima yawe ya mzazi.

Tuongeze jambo ambalo kaka yake Bibi alitueleza siku ile, ingawa si la nishani. Baba yake aliporudi vitani alipewa kiinua mgongo kilichokwisha kabla ya mwaka kwisha. Tunajua sasa kwamba hesabu ya malipo hayo ilifuata rangi ya mtu: Mwafrika alipata sehemu ndogo tu ya alichopata Mzungu wa cheo kile kile, hata wakiwa na nishani moja kifuani. Sajini mwenye Nishani ya Kijeshi akawa nyapara wa mkonge. Ilipofika njaa, mjane wake akauza nyota kwa fundi wa fedha, ambayo hata fedha haikuwa, ni shaba iliyochanganywa, kwa hiyo alipata senti. Wenzetu wawili walisema wangemkopesha. Tukacheka, lakini si sana.

Swali lililobaki lilikuwa la baba mkubwa, yaani yule aliyezama. Sasa Bibi hana sura yake kabisa. Tulitafuta kwa ndugu wote, hakuna picha. Kilichopo ni jina. Waliozama na Khedive Ismail wa rejimenti ile wameandikwa kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, pamoja na wale waliopotea bila kaburi huko Uhabeshi na Madagascar. Katika hilo yeye ana bahati kuliko waliomtangulia. Maelfu ya askari na wapagazi wa vita ya kwanza hawakuandikwa majina popote. Waliwekewa sanamu tu, kama yule Askari wa shaba aliyesimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, ambaye sote tumempita tukienda mjini. Tume yenyewe ya makaburi ilikiri kosa hilo mwaka 2021.

Katika mkutano wa mwezi uliofuata hoja iliwekwa mezani, na wanachama walikubali kwa kura kwamba nauli ya Bibi, ya mjukuu wake na ya kaka yake kwenda Nairobi na kurudi itoke kwenye mfuko wa jamii, si mkopo. Mweka hazina ndiye aliyeitoa hoja. Nishani ilikaa wiki mbili katika sanduku letu la kufuli tatu wakati mpiga picha akiandaa ukurasa huu, kisha ikarudi Korogwe na mwenyewe.

Picha mtaiona ukurasa unaofuata. Maneno ya chini yake Bibi aliyaandika upya kwa mkono wake, na mchapaji aliambiwa asibadilishe hata nukta: Baba yangu mdogo, sajini wa Keya, Nishani ya Kijeshi, alipigana Uhabeshi na Burma, akarudi. Pembeni yake tumeacha nafasi tupu yenye ukubwa ule ule, imezungushiwa mstari, na ndani limeandikwa jina la kaka yake na tarehe 12 Februari 1944.